Muchezaji Moja wa Kubakisha

Hapana, Naomie, haiko prison. Mu prison habakuingize juu unarusha mupira muzuri kupita bengine. Na prison haifungukake kila septembre. Njo vile nilipashwa kukujibu leo asubuhi ku terrain, lakini ulikuwa umeisha kuvua mukaba, umeutupa mu majani, umeshika sac yako, na umeenda bila hata kusema à mardi. Nilibakia kinywa wazi kama samaki ya Maman Kapinga ku soko. Miye, Neema, mwenye kinywa yangu haikosake jibu! Donc ninakujibu hapa, kwa kuandika, na badogo bengine basome pia, juu ni bao batashika équipe kiisha miye, na siku moja muntu atabatupia mukaba mu majani vilevile.

Ndiyo, badogo, mulisikia muzuri. Ninastaafu. Niko na vingt-quatre ans na niko retraitée, bila pension, na goti moja yenye inalia kama mulango ya zamani. Toka wikendi ijayo nitatumika kila samedi na kila dimanche mu maison de repos, kuogesha bazee na kubalisha, na sisi tunachezaka dimanche. Voilà. Nilikuwa muchezaji, nikakuwa capitaine, nikakuwa coach. Bamaman benu bananiitaka "maman coach" na ku nyumba sina hata paka. Kama siandike bile nilijifunza, mutarudilia makosa yetu yote toka mwanzo, na siko na patience ya kuangalia ile.

Kwa mwenye hatujue: tunachezaka mupira ya Amerika, lakini ile ya bendera. Haina casque, haina kugongana. Kila muchezaji anafunga mukaba mu kiuno, na ku mukaba kunatundikwa bendera mbili, moja kuume, moja kushoto. Ukikimbia na mupira, adui anakuvuta bendera moja, kwisha, unasimama. Hapa Bruxelles muko équipe ya basichana ba Ixelles, ile yetu, na ya Saint-Josse, na ya Anderlecht, na zingine. Bengi yetu bazazi balitoka Bukavu, Goma, Lubumbashi. Mwenye alituletea ile mupira ni Tonton Célestin, Lushois, muntu wa Lubumbashi, chauffeur ya bus, mwenye anaangaliaka mupira ya Amerika ku télé na chaussettes ya équipe yake mu miguu, hata mu joto ya juillet.

Ni yeye pia alitupatia sheria mbili zenye zinatugombanisha mupaka leo.

Ya kwanza: kila septembre, majina yote yanarudi mu sufuria. Sufuria kweli, ile kubwa ya bibi yake wa ndoa, Maman Kapinga, yenye anapikiaka fufu ya matanga. Kila jina inaandikwa ku kifuniko ya chupa. Dimanche asubuhi, ku soko ya Midi, nyuma ya meza yenye Maman Kapinga anauzishia pondu ya muhogo na makayabu, samaki ya chumvi, bacoach bote banazunguka sufuria, na kila moja anatia mukono kwa zamu. Mwenye unatosha mu sufuria ni wako mwaka muzima. Vile hakuna équipe itakusanya bakali bote.

Ya pili: mbele ya kutia mukono, kila coach anaweza kubakisha muchezaji moja wa mwaka ulipita. Moja tu. Unakuya na kitambaa ya kupasuliwa mu pagne, ile kitenge ya équipe, unaifunga ku mukono ya sufuria, unasema jina na sauti. Kifuniko yake inatoshwa mu sufuria. Anabakia kwako mwaka ingine, apende asipende. Kule Amerika banaita ile tagi. Siye tunasema tu: balimufunga kitambaa.

Kesho ni dimanche ya sufuria. Mwaka ulipita nilimufunga Naomie. Kesho équipe nzima inataka nimufunge tena, na leo kiisha entraînement yeye akasema mbele ya bote: "Ukisema jina yangu kesho, ninaacha mupira. Hapa na kwengine. Siko mufungwa wa muntu." Kiisha, mukaba mu majani.

Naomie eko na dix-sept ans. Eko na mukono yenye inapeleka mupira toka huku mupaka kule na haitetemeke. Équipe ikipoteza match, itashinda siku ingine. Lakini mutoto akiacha na dix-sept ans, nimeona bengi, harudie. Anakutana na wewe mu bus, anakuambia "ah, nitakuya siku moja", na macho yake inaangalia dirisha. Njo ile inaniuma.

Sasa, kuna ulizo moja inanikula toka zamani, na badogo, nayo itabakula. Juu ya nini banamubakishaka huyu na habamubakishe ule? Munafikiri ni mukali kupita bote njo anafungwa kitambaa. Miye pia niliamini vile. Bongo! Uongo mutupu!

Angalia mwaka yangu ya kwanza. Coach alikuwa Ya Solange, dada mukubwa mwenye alinifundisha yote, hata kutukana kwa heshima. Alikuwa na moja mwenye anakimbia kama moto. Akamufunga nani? Bijoux! Bijoux mwenye alikuwa anaangusha mupira hata ukimupatia mu mikono kama sahani. Nikamuuliza, "Ya Solange, juu ya nini?" Akaniangalia bila haya: "Ulionja beignets za maman yake?" Na ni kweli, maman ya Bijoux alikuwa anakuya kila match na bassine ya beignets, mandazi ya moto, na thermos ya chai ya tangawizi. Mwaka ule tulipigwa na kila muntu, tukanona. Hata équipe za bengine zilikuwa zinafurahi kucheza na sisi. Mu janvier, ku terrain yenye majani imekuwa barafu, ninakuambia, hakuna mwenye aliuliza tena juu ya nini Bijoux.

Lakini ku mwisho wa saison Ya Solange aliniita kando, akanipatia leçon ya kweli. Alisema: "Neema, beignets ilikuwa mchezo, ninazeeka. Siku utakuwa coach, usifuate macho. Macho inapenda mwenye anakimbia. Jiulize tu: nikimurudisha huyu mu sufuria, mukono yangu itakutana na mufano wake? Benye banakimbia mbio, sufuria imejaa nao. Benye banarusha, beko babili, batatu, mu Bruxelles muzima." Nikajaribu kubishana, akaniambia nyamaza, beba cônes.

Toka pale nilianza kuangalia équipe zote, kila septembre, kama muntu anaangalia vitu vya jirani. Na nikaona mengi. Kuna mwenye anabakishwa juu hana mufano, kama murushaji. Kuna mwenye alicheza saison moja ya ajabu, moja tu, na coach wake hajue kama ni yeye kweli ao ni bahati, basi anamubakisha kwa kuona tena. Kuna mwenye alivunjika goti, na coach anaogopa kumutupa leo, kesho apone kwa adui. Na kuna bujanja ya Rehema.

Rehema ni coach wa Saint-Josse, Mutanzania wa Tanga, eko na Kiswahili kama ya redio na moyo kama ya mufanyabiashara. Mwaka moja alimufunga Gloria kitambaa. Bote tulishangaa, juu bilikuwa bimejulikana Gloria na Rehema habasalimiane. Kiisha siku kidogo, Gloria eko Anderlecht, na Rehema amepata bachezaji babili mu nafasi yake. Alijua Anderlecht banamulilia Gloria, basi akamushika kwanza, akamubadilisha kiisha. Ku soko nilimuambia, "Rehema, ile ni wizi." Akajibu, "Wizi gani, mdogo wangu? Nimefunga kitambaa, nimesema jina. Sheria haijasema nimpende." Tonton Célestin akacheka mupaka akashika meza. "Na kule Amerika banafanyaka vile! Vilevile!" Alifurahi kama muntu mutoto wake ameanza kutembea.

Bon, kitambaa. Mbele nisahau, juu hakuna mwenye atawafundisha ile. Pagne haikatwe na mukasi mupaka mwisho. Unakata kidogo tu ku pindo, kiisha unaishika na mikono mbili na unapasua kwa nguvu, bila kuogopa ile sauti. Inafuata uzi yake yenyewe, inatoka sawasawa, na ukiifunga haitereze. Na bendera za mukaba, munafula na maji ya baridi, ukitia ya moto haitashika tena na mutacheza mukiokota. Na mu hiver mupira usijazwe sana upepo, vidole ya baridi haishike jiwe.

Na angalia unapasua pagne ya nani.

Mwaka yenye nilikuwa capitaine, Ya Solange alinituma: "Leta kitambaa kesho ku Midi." Nikaamuka na giza, mu chumba ya maman yangu, nikavuta pagne ya équipe mu armoire, krrrr, nikapasua, nikaenda mbio. Tukafunga ku sufuria, Ya Solange akasema jina ya Merveille, murushaji wetu, bote bakatuonea wivu. Sasa bacoach banataka kutia mukono, ninaona kwa mbali, katikati ya mandimu na mavalise za kuuzisha, muntu anakuya na foulard upande. Maman yangu. Eko na kipande ya pagne mu mukono, ile yenye ilibakia. Haikuwa pagne ya équipe. Ilikuwa pagne yenye balimuvalisha ku ndoa ya mudogo wake, rangi ile ile, maua ile ile karibu. Hakusalimia muntu. Alifika ku sufuria, akafungua kitambaa yake, akaikunja muzuri, akaitia mu sac, akasema, "Neema, tutaongea ku nyumba."

Bote tukamuangalia Tonton. Tonton akakuna kichwa. "Kitambaa imefunguliwa mbele ya mukono ya kwanza kuingia," akasema. "Donc hakuna kitambaa." Kifuniko ya Merveille ikarudi mu sufuria, na mukono ya kwanza ilikuwa ya Rehema. Usiulize mwenye alitosha! Mupaka leo, ku mafeti, Ya Solange anamusalimia maman yangu: "Bonjour, coach wa Saint-Josse."

Lakini mulisikia ile sheria? Kitambaa yenye imefunguliwa mbele ya mukono ya kwanza kuingia haihesabiwe. Muishike mu kichwa. Ninarudi ku Naomie.

Leo, kiisha ule kelele ya ku terrain, badogo benye batashika équipe, Divine na bengine, balinizunguka. "Ya Neema, usimusikilize, mufunge tu." "Anasema tu, hataacha." "Bila Naomie tutarusha na nini, na mguu?" Nikasema sawa, sawa, tutaona. Nikashuka ku arrêt ya bus, na bus yenye ilifunguka mbele yangu ilikuwa ya Tonton Célestin. Nikapanda mbele, nikasimama pembeni yake.

Tonton haongeake bus ikitembea. Kuna kibao inakataza, na yeye anaheshimu kibao. Anaongeaka ku feu rouge tu, taa ikikuwa nyekundu. Donc kwa kupata jibu moja nzima kwake, unaomba Mungu feu zote za chaussée d'Ixelles zikuwe nyekundu.

"Tonton," nikasema, "explique-moi muzuri. Kule Amerika, juu ya nini équipe inamufunga muntu tagi? Kweli kweli."

Bus ikatembea. Maman moja na poussette akashuka. Feu rouge.

"Contrat yake imeisha," akasema, kama tulikuwa katikati ya maongezi. "Muchezaji amekuwa huru, équipe zote zinamuita. Équipe yake inasema, hapana, bakia mwaka moja. Moja tu inaweza kumuambia vile, kila mwaka. Na inamulipa kama bale bakubwa batano ba nafasi yake. Bei haipangwe na mudomo, ni sheria inaipanga."

"Basi analia nini, kama banamulipa vile?"

Vert, taa ya kijani. Bus ikatembea mupaka karibu ya place. Miye nilikuwa napiga kidole ku chuma. Rouge, enfin.

"Analia kesho, mutoto yangu. Yeye anataka contrat ya miaka mingi. Goti ikivunjika mu ule mwaka moja, nani atamuita? Angalia miye. Mwanzo, hapa Bruxelles, balinipatia contrat ya mwaka moja. Kiisha mwaka moja tena. Kiisha tena. Kila mara banasema, Célestin eko muzuri, abakie. Nilikuwa nafurahi, lakini ku nyumba sikutundika hata photo moja ku ukuta. Bibi yangu ananiuliza, musumari iko wapi? Ninasema, ngoja kwanza."

Bus ikaendelea. Nilikuwa nafikiri juu ya ule ukuta bila photo. Feu ingine, Mungu alikuwa na miye.

"Donc équipe haimupende?" nikauliza.

"Inamupenda! Lakini inaogopa. Équipe yenye inajua muntu wake, inamupatia contrat ndefu, bamemaliza. Yenye haimutaki, inamuachilia. Tagi ni ya katikati, quoi. Ni kusema, usiende, ngoja nifikiri. Njo maana kule kuna siku ya mwisho, mu juillet: mbele ya pale, équipe na muchezaji baongee, basikilizane ya miaka mingi. Siku ikipita, basi, ni ule mwaka moja tu."

"Na wakimufunga mara ya pili?"

"Bei inapanda. Sheria inataka mara ya pili iume zaidi." Akageuka, mara ya kwanza, akaniangalia. "Na wewe, ya kwanza, ulimulipa nini, mutoto wa bantu?"

Nikasema bile tunafanyaka. Mwenye kitambaa hafule mikaba. Anachagua numéro ku maillot. Na ku feti ya mwisho anapata sahani ya kwanza.

"Sahani ya nini?"

"Makayabu na pondu."

"Ya bibi yangu! Donc ni miye nilimulipa!" Alicheka mupaka muntu nyuma akapiga kelele, monsieur, c'est vert. Akaendesha akicheka.

Miye pia nilicheka. Lakini ku feu yenye ilifuata hakucheka tena. Aliuliza, "Naomie njo ule murefu, mwenye anapitaka kule Saint-Josse na mudogo wake ku mukongo?"

"Mudogo gani? Najua balihamia Saint-Josse. Sijue ya mudogo."

"Ah bon? Miye ninajua, na siko coach. Mardi na jeudi. Maman yake alipata kazi ya magaribi, kusafisha mabureau. Naomie anatosha mutoto ku garderie ya chekechea, anamupeleka kwa jirani, anarudi mbio ku arrêt, anapanda kuya kwenu. Juzi ananiambia, Tonton, jirani anahama. Nikamuuliza utafanya nini na mudogo? Akasema, nitaona." Tonton akainua bega. "Ku terrain yenu ule mutoto atakaa wapi, mu baridi, mupaka usiku?"

Badogo, nikauliza haraka, mbele feu ibadilike. "Juu ya nini hakuniambia?"

"Mutoto wa Bukavu? Asimame mbele ya bantu, aseme, maman yangu hana mwenye kutuchungia mutoto? Wewe ungesema?"

Hapana. Singesema. Ningesema ni prison, ningetupa mukaba mu majani.

Nilishuka arrêt mbili mbali na kwetu, nikatembea na miguu, na goti ikalia njia nzima. Nilikuwa na hasira, sikujua ya nani. Nikafika ku nyumba, nikafungua armoire, nikatosha pagne ya équipe. Ile ya kweli, niliangalia mara mbili. Nikakata ku pindo, nikapasua. Sauti ile ile. Maman akaita toka cuisine: "Neema! Ni gani?"

"Ni yangu, maman!"

"Nionyeshe!"

Nikamuonyesha. Akaangalia, akasema bon, akarudi ku nyungu yake.

Hapo téléphone ikaita. Rehema. Habari inakimbiaka mu Bruxelles kupita métro.

"Neema, dada, shikamoo ya kustaafu."

"Rehema, sema haraka, ninafanya kitu."

"Nasikia mtoto amekutupia mkanda. Sasa mwachie. Umemfunga mwaka mzima kama mbuzi wa sikukuu, na wewe mwenyewe unaondoka. Unaondoka na funguo mfukoni?"

"Na wewe unamutakia nini? Umubadilishe na babili?"

"Astaghfirullah! Mimi namtaka acheze. Sisi tunafanya mazoezi ndani, ukumbi wa shule ileile yenye chekechea ya mdogo wake. Mtoto atakaa kwenye benchi achore, dada yake arushe. Nimeshamwambia."

Kumbe. Hata Rehema alikuwa anajua. Mu Bruxelles muzima, ni miye tu sikujua.

Kiisha ulizo ingine ikanipata. "Rehema, nikimurudisha mu sufuria, nani amekuambia ni mukono yako itamutosha? Kama ni Anderlecht? Anderlecht ni mbali kwake kupita huku."

"Nina mkono wa bahati," akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Ile ya Merveille haikuwa mukono yako. Ilikuwa maman yangu."

Akacheka. "Hilo nalo kweli. Basi, fanya unavyojua. Ila usimtaje jina bila kumuuliza, Neema. Mtoto si sufuria." Akakata.

Niko ninaandika sasa, kitambaa iko ku meza mbele yangu, na maman ananiita nikuye kula mara ya pili. Donc haraka.

Badogo, ile ulizo yangu ya zamani, juu ya nini huyu na siyo ule, nilikuwa naipenda sana, nilikuwa naizungusha kama mupira mu mikono. Nilifikiri ni ulizo ya kujua nani ana bei. Lakini Tonton alinipatia ingine ku feu rouge, na njo ile ninabaachia: mukimubakisha muntu, mu ule mwaka muzima mutamuambia nini? Juu kitambaa ni kuomba wakati. Siye tuliomba mwaka, tukapewa, na mu ule mwaka tukamuchagulia Naomie numéro na sahani. Hakuna mwenye alikaa naye chini. Sasa tunaomba mwaka ya pili na bei ile ile. Kule Amerika, benye bana maavocat na sheria, hawawezi. Siye, benye tunaitana dada, tuliweza.

Na kuna kitu ninaweza kulipa. Sikuiona mbele juu nilikuwa nahesabu tu bile ninapoteza: samedi, dimanche, terrain, ninyi. Lakini mu maison de repos balinipatia wikendi. Mardi na jeudi magaribi nitakuwa hapa, nitakaa, nitaangalia ukuta. Garderie ya Saint-Josse inataka tu muntu mwenye maman ya mutoto ametia jina yake. Ule mutoto anaweza kukuya hapa na miye, akule na maman yangu, achore ku meza hii, mupaka dada yake amalize kurusha mupira na apite kumukamata. Maman yangu nimeisha kumuuliza. Alisema, "Anakulaka pondu?" Nikasema sijue. Akasema, "Atakula."

Kama Naomie anataka ile, ninafunga kitambaa na inakuwa na bei yake. Kama anapenda sufuria, na bahati ya Rehema, na hofu ya Anderlecht, ni yake pia. Badogo, mutanikasirikia. Mukasirike. Kuna babili, batatu benye banarusha mu Bruxelles muzima, mutafute, mutie mukono.

Basi kesho asubuhi siende ku Midi moja kwa moja. Nitapita kwanza Saint-Josse, mbele soko ijae, nitapiga sonnette ya mulango, nitamusalimia maman yake, nitakaa kama bananikaribisha, na nitasema ile ya garderie mbele yake na ya Naomie tu, siyo mbele ya équipe; na hii karatasi Naomie ataisoma wa kwanza, ninyi kiisha, kama anaruhusu. Kiisha nitatosha kitambaa mu mufuko na nitamupatia Naomie mu mukono. Akitaka, tuende wote ku soko, aifunge ku sufuria yeye mwenyewe, na aseme jina yake na sauti; na akigeuza moyo mbele ya mukono ya kwanza kuingia, aifungue. Akikataa, afungie nayo nywele.